Mshahara Una Anwani

Mwezi Aprili 2025, serikali ya jimbo la Andhra Pradesh nchini India iliamua kuipatia kampuni ya Tata Consultancy Services ekari zaidi ya 21 za ardhi katika mji wa bandari wa Visakhapatnam. Bei ilikuwa paisa 99. Si paisa 99 kwa kila mita ya mraba, bali kwa eneo lote. Rupia moja ina paisa mia, kwa hiyo mnunuzi angetoa sarafu ya rupia angestahili kurudishiwa chenji. Na aliyepewa ardhi hiyo si mnyonge: ni kampuni kubwa kuliko zote za India katika kazi za kompyuta, yenye wafanyakazi zaidi ya nusu milioni.

Wakubwa wa jimbo walijua wanachokitafuta. Kampuni ilitarajiwa kuleta ajira 12,000, na mji unaopata ajira za aina hiyo hupata pia wapangaji, wateja wa migahawa, abiria wa ndege na, miaka michache baadaye, kampuni nyingine zinazowafuata watu wenye ujuzi. Kwa miaka arobaini kazi hizo zimekimbilia Bengaluru, Hyderabad na Chennai. Visakhapatnam ilikuwa inajaribu kuzivuta kwa silaha kuu ya mji wa daraja la pili, nayo ni unafuu.

Biashara yenyewe inaeleweka kirahisi. Benki ya New York au kampuni ya bima ya London ina kazi nyingi za ofisini ambazo si lazima zifanyiwe New York wala London: kupokea simu za wateja, kukagua madai ya bima, kuandika programu za kompyuta, kufunga hesabu za mwezi. Kazi hizo hukabidhiwa kampuni iliyoko nchi ambako mishahara ni midogo. Kisichozungumzwa sana ni kwamba baada ya kuchagua nchi, mwenye kazi huwa na uchaguzi wa pili wenye uzito unaokaribia ule wa kwanza: mji upi? Vijana wawili wenye shahada ya aina moja, wanaopokea simu za wateja wa benki ileile, kwa Kiingereza kilekile na katika saa zilezile za usiku, wanaweza kulipwa mishahara tofauti kwa sababu mmoja yuko jijini na mwenzake yuko mikoani.

Serikali ya India haifichi jambo hili. Watumishi wake hulipwa posho ya pango kulingana na daraja la mji: X, Y au Z. Daraja X lina miji minane tu, ikiwemo Delhi, Mumbai, Bengaluru na Hyderabad. Kwa viwango vilivyoanza 2017, mtumishi wa mji wa X alipata asilimia 24 ya mshahara wake wa msingi, wa Y asilimia 16 na wa Z asilimia 8. Viwango hivyo vimeongezwa tangu hapo, lakini ngazi zimebaki. Visakhapatnam imo katika Y. Karani akihamishwa kutoka Bengaluru kwenda huko, kazi yake ni ileile, ila theluthi ya posho inabaki Bengaluru. Marekani nayo, tangu 1994, huwaongezea watumishi wa serikali kuu malipo kwa kufuata eneo, na wale wa San Francisco na vitongoji vyake huongezewa zaidi ya asilimia 40 juu ya mshahara wa msingi.

Ufilipino ilikwenda mbali zaidi na kuifanya tofauti ya miji kuwa sheria kwa sekta binafsi. Kwa sheria ya mwaka 1989, kima cha chini cha mshahara hakipangwi kwa nchi nzima. Kila kanda ina bodi yake yenye wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi. Mwaka 2024, kima cha chini cha siku moja katika eneo la Manila kilifika peso 645. Kule Cebu, jiji la pili kwa umaarufu katika kazi za ng'ambo, kilikuwa peso 501. Wahudumu wa simu kwa kawaida hulipwa zaidi ya kima cha chini, lakini kima hicho ndicho sakafu ambayo mishahara mingine hujengwa juu yake. Sakafu ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 20, ghorofa za juu nazo hushuka.

Na nchi hiyo si mchezaji mdogo. Ilitawaliwa na Marekani kuanzia 1898 hadi 1946, ukiondoa miaka ya uvamizi wa Japani, ikarithi Kiingereza chenye lafudhi isiyomsumbua Mmarekani. Mwanzoni mwa muongo uliopita iliipiku India katika kazi za kupokea simu. Kwa hesabu za chama cha kampuni hizo, mwaka 2024 sekta ilikuwa na wafanyakazi wapatao milioni 1.8 na mapato ya dola bilioni 38. Manila ikiingia usiku ndipo New York inapofungua ofisi, ndiyo maana mitaa ya Makati na Taguig, katika eneo la Manila, ina migahawa inayouza chakula cha mchana saa nane za usiku, na sheria ya kazi inamtaka mwajiri aongeze walau asilimia 10 kwa kila saa ya usiku.

Kwa nini mji ubadilishe bei ya mtu? Jibu la haraka ni kodi ya nyumba, na lina ukweli wake. Anayelipa pango kubwa na kukaa garini saa mbili kwenda kazini hawezi kuridhika na mshahara wa anayekula kwa mama yake na kutembea kwa miguu hadi ofisini. Lakini kodi ya nyumba peke yake haitoshi kueleza. Ingekuwa ndiyo sababu kuu, mwajiri angemlipa zaidi mwenye watoto sita, na waajiri wengi hawafanyi hivyo. Kinachopandisha mshahara hasa ni kampuni ya jirani. Mhandisi wa programu wa Bengaluru akinuna, anavuka barabara na kuingia jengo la pili, ambako anaongezewa malipo. Mwenzake wa mji wenye mwajiri mmoja akinuna, atanuna mpaka azoee.

Bengaluru haikupata majirani hao kwa bahati. Iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya wastani kwa mji wa kusini mwa India. Ilipata chuo kikuu cha sayansi mwaka 1909, kiwanda cha ndege mwaka 1940, na baada ya uhuru yakafuata mashirika ya umma ya simu, vifaa vya elektroniki na safari za anga za juu. Infosys, iliyoanzishwa Pune mwaka 1981, ilihamia huko miaka miwili baadaye. Mwaka 1985 Texas Instruments ya Marekani ikafungua ofisi ya kubuni vifaa vya kompyuta na kutuma kazi zake nyumbani kwa satelaiti. Wahandisi walikuwepo kabla ya wateja kufika. Kampuni ya kwanza ilipata watu wa bei nafuu kwa sababu serikali ilikuwa imeshawasomesha, na hakukuwa na wengi wa kuwagombania.

Kisha wagombaniaji wakaja wote kwa pamoja. Baada ya janga la Covid, kampuni za dunia nzima zilipokuwa zikihamishia shughuli zao kwenye mtandao, watu wa kompyuta wa India waligeuka bidhaa ya mnada. Katika robo ya mwaka iliyoishia Juni 2022, Infosys ilitangaza kwamba wafanyakazi wake walioacha kazi kwa hiari katika miezi 12 iliyotangulia walikuwa asilimia 28.4. Zaidi ya mmoja katika kila wanne! Kila anayeondoka huacha kiti kinachohitaji tangazo, usaili, mafunzo na miezi ya kujikwaa kabla mgeni hajakizoea. Gharama hiyo haionekani kwenye hati ya mshahara, na ndiyo inayowapotosha wanaolinganisha miji kwa kutazama mishahara peke yake.

Mji wenye mafanikio una gharama nyingine pia. Mwaka huohuo wa 2022 mvua zilifurisha barabara ya mzunguko ya Bengaluru, ambayo imejaa ofisi za kampuni za kompyuta, na wafanyakazi wakabebwa kwenda kazini kwa matrekta. Umoja wa kampuni za barabara hiyo ulimwandikia waziri mkuu wa jimbo kwamba siku moja ya msongamano, tarehe 30 Agosti, ilikuwa imewagharimu rupia bilioni 2.25.

Hapo ndipo mji mdogo huanza kupendeza. Pango la ofisi ni dogo, foleni ni fupi, na vijana hawahamihami kwa sababu hawana pa kuhamia. Mkurugenzi wa fedha akizipanga namba hizi kwenye jedwali, mji mdogo hushinda kila mara. Kwa nini basi kampuni zote hazijaondoka Bengaluru?

Tazama Hubballi. Ni mji wa kaskazini mwa Karnataka, jimbo ambamo Bengaluru imo, na Infosys ilijenga kampasi kubwa huko. Mwaka 2024 vyombo vya habari vya India viliripoti kwamba kampuni ilikuwa inawaahidi wafanyakazi wake fedha za ziada ili wakubali kuhamia Hubballi, kuanzia viwango vidogo kwa wa ngazi za chini hadi rupia laki nane kwa wakubwa. Kwa kijana wa kazi za mwanzo, ambaye mshahara wake katika kampuni kubwa za India umeganda kwa zaidi ya miaka kumi kwenye kama rupia laki tatu na nusu kwa mwaka, Hubballi ni neema, hasa ikiwa ni kwao. Meneja mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano anauliza maswali mengine. Mke wangu atapata kazi wapi? Mtoto atasoma wapi? Na kampuni ikinifukuza, nitakwenda kwa nani? Mwajiri asiyeyajibu maswali hayo hulazimika kuyalipia.

Kwa hiyo unafuu wa mji mdogo ni wa kweli kwa kazi nyepesi, na huyeyuka kadiri kazi inavyokuwa ngumu. Mtu wa kujibu maswali ya wateja kuhusu bili hupatikana popote palipo na chuo na umeme. Mtaalamu wa usalama wa mifumo ya benki, katika mji wa watu laki chache, pengine yuko mmoja, na huyo ameshaajiriwa. Kumleta mwingine kutoka jijini kutakula akiba yote iliyopatikana kwa wale wa bili. Ndiyo sababu kampuni nyingi huigawa kazi yenyewe: ngumu ibaki jijini, nyepesi iende mikoani. Kijana wa mikoani akiimudu ile nyepesi mpaka akawa hodari, naye hupanda basi la kwenda jijini.

Sridhar Vembu wa kampuni ya Zoho alijaribu njia tofauti. Kampuni yake ilifungua ofisi eneo la Tenkasi, vijijini kusini mwa Tamil Nadu, mwaka 2011, na baadaye yeye mwenyewe akahamia kijiji cha Mathalamparai. Badala ya kuwabembeleza wenye uzoefu wahamie shamba, Zoho huwachukua vijana waliomaliza sekondari, huwafundisha katika shule zake na kuwalipa posho wakiwa wanasoma. Jaribio hilo linasifiwa sana, na linastahili, ila wanaolisifu husahau jambo moja: Zoho huuza programu zake yenyewe. Haina mteja wa New York anayetaka kuona wahandisi mia mbili wamekaa tayari kwenye viti wiki ijayo. Kampuni inayoishi kwa kazi za wengine haina muda wa kusubiri kijana akomae.

Serikali zisizotaka kusubiri hutumia amri. Juni 2019 Rais Rodrigo Duterte wa Ufilipino alisimamisha uidhinishaji wa maeneo mapya ya uchumi yenye nafuu za kodi ndani ya Manila ili uwekezaji uelekee mikoani. Hata kabla ya hapo miji kama Iloilo, Davao na Bacolod ilikuwa imeanza kujaza maghorofa ya wahudumu wa simu. Bacolod ina historia inayosikitisha: iko kwenye kisiwa cha miwa, na bei ya sukari ilipoporomoka katika miaka ya 1980 kisiwa hicho kilijulikana duniani kwa picha za watoto wenye utapiamlo. Leo mjukuu wa mkata miwa anaweza kuwa anamwelekeza Mmarekani jinsi ya kuwasha upya kifaa chake cha intaneti. Analipwa chini ya mwenzake wa Manila, na akiishi kwao anaweza kubakiwa na akiba kubwa kuliko huyo wa Manila.

Halafu ikaja Covid na kuvuruga hesabu zote za miji. Wahudumu walipelekewa kompyuta nyumbani, wengi wakarudi mikoani kwao na kuendelea kulipwa mshahara wa jiji. Serikali ilipotaka, mwaka 2022, warejee kwenye majengo yaliyosajiliwa la sivyo waajiri wapoteze nafuu za kodi, kampuni zilipinga, na mwishowe zikaruhusiwa kuhamishia usajili wao kwenye bodi nyingine ya serikali, isiyojali mfanyakazi amekaa wapi.

Marekani kwenyewe ugomvi wa aina hiyo ulikuwa mkali. Mei 2020 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba wafanyakazi wa Facebook watakaohama kutoka maeneo ya gharama kubwa watapunguziwa mishahara kulingana na wanakokwenda. Kampuni ya malipo ya Stripe iliwapa waliotaka kuhama dola 20,000 taslimu, ikiwa watakubali mshahara upungue kwa hadi asilimia 10. Reddit ilifanya kinyume: ikafuta tofauti za miji ndani ya Marekani na kuwalipa wote kwa viwango vya miji ghali. Inafaa kuzingatia kwamba kampuni zilizokata mishahara hazikudai kwamba mhandisi aliyehamia milimani anaandika programu mbaya zaidi. Zilidai tu kwamba huko aliko, watu wa kumgombania ni wachache.

Afrika Mashariki iliingia katika biashara hii kwa nguvu baada ya nyaya za mawasiliano za chini ya bahari kutua pwani mwaka 2009. Nyaya zilitua Mombasa na Dar es Salaam. Kazi nyingi zikapanda hadi Nairobi. Huko ndiko kulikokuwa na vyuo vingi, ndege nyingi, mashirika ya kimataifa na vijana waliokwisha kuhamia mjini. Mombasa ilipata mlango, Nairobi ikapata sebule. Sheria ya Kenya nayo, kama ile ya Ufilipino, huipanga nchi kwa madaraja: kwa agizo la 2022, kima cha chini cha mwezi kwa kibarua wa kawaida katika majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 15,200, na katika maeneo ya daraja la chini kama shilingi 8,100. Tanzania Bara hupanga kima chake kwa sekta, si kwa mji.

Mfano uliojadiliwa kuliko yote Nairobi ni Samasource, ambayo sasa inaitwa Sama, iliyoanzishwa na Mmarekani Leila Janah mwaka 2008. Iliajiri vijana, wengi kutoka mitaa kama Kibera, kuzipa picha na maandishi alama ili kompyuta zijifunze kwazo, na ikafungua ofisi pia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2018 Janah aliiambia BBC kwamba kampuni inawalipa vijana hao kama dola tisa kwa siku, na kwamba kulipa zaidi sana kungeharibu soko la ajira la mahali hapo na kupandisha bei za nyumba na chakula. Mwandishi anayetaka haki atakiri kwamba hoja hiyo ina mantiki ya kiuchumi. Atashangaa pia kwamba ni nadra kusikia mtu akiwaonya waajiri wa San Francisco, ambako mishahara ya kompyuta imezipandisha kodi za nyumba mpaka walimu wakakimbia.

Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba Sama ilipewa kazi na OpenAI ya kuchambua maandishi ya kutisha ili kuifanya programu ya ChatGPT iwe na adabu. Mikataba ilitaja dola 12.50 kwa saa. Wafanyakazi wa Nairobi walipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Sama ilijibu kwamba zile dola 12.50 zilibeba gharama zote: majengo, mishahara na marupurupu, wakaguzi wa ubora na viongozi wa vikundi. Jibu hilo linaeleza jinsi biashara inavyoendeshwa. Mteja hununua saa ya kazi kwa bei ya soko la dunia, mfanyakazi huuza saa hiyohiyo kwa bei ya mtaa anaoishi, na pengo lililo katikati ndilo uwanja wa kampuni.

Wenye ujuzi adimu husimama kwingine kabisa. Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikafungua vituo Nairobi, Kampala na Kigali ili kuwafunza vijana kuandika programu na kuwakodisha kwa kampuni za Marekani. Septemba 2019 iliwaachisha kazi mamia ya waandishi wa programu wa ngazi ya chini Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja walitaka wenye uzoefu. Mwaka uliofuata ilifunga kampasi zake na kuajiri watu popote walipo. Kwa mhandisi mkongwe wa Kampala, washindani wanaomgombania sasa wako Berlin na Toronto, na bei yake inaifuata miji hiyo. Anayeanza bado anabanwa na bei ya Kampala.

Mji huja pia na mahakama zake. Wakaguzi wa maudhui ya Facebook waliokuwa wakifanya kazi Nairobi kupitia Sama waliishtaki nchini Kenya Meta, kampuni inayoimiliki Facebook, nayo ikajitetea kwamba haina ofisi huko wala si mwajiri wao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba inaweza kushtakiwa Kenya. Kufikia wakati huo Sama ilikuwa imeshajiondoa katika ukaguzi wa maudhui. Mwezi Aprili 2025 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba kazi ya namna hiyo ilikuwa ikifanyika Accra, Ghana, kwa mshahara wa msingi wa kama sidi 1,300 kwa mwezi, sawa na pauni 64 hivi kabla ya bonasi. Kampuni iliyowaajiri ilikanusha kwamba inawatendea vibaya, na mawakili walikuwa wanaandaa kesi nyingine, safari hii Ghana.